Mchanga wa Kupimia

16 Septemba 2024, kambi ya barabara, Kwihara

Leo nimetimiza miezi minne na siku nne tangu niondoke Mpwapwa. Nilimwahidi mke wangu Yustina kwamba nitarudi kabla ya mvua za kupanda mtama, na kwetu mvua hizo huanza Desemba. Misimu miwili mfululizo tumevuna mabua. Ndiyo maana niko huku, nje kidogo ya mji wa Tabora, najenga barabara ambayo ikiisha sitapita juu yake.

Miezi yote hii nimebeba mawe. Leo nimeondolewa kwenye mawe. Nestory, fundi wa maabara, alikuja asubuhi akauliza ni nani kati yetu vibarua anaweza kusoma mizani yenye nukta. Nikanyoosha mkono. Nilifika kidato cha pili, nikaacha baba alipofariki. Akanionyesha namba kwenye kioo cha mizani, nikasoma, akasema, "Njoo." Daftari hili yeye ndiye aliyenipa, niandike vipimo. Kurasa za nyuma ni zangu.

17 Septemba

Kazi yenyewe ni hii. Malori yanamwaga kifusi, greda linakisambaza, boza linanyunyiza maji, kisha rola linapita juu mpaka kifusi kishikamane. Halafu tunakuja mimi na Nestory kuangalia kimeshikamana kiasi gani. Jibu linaitwa densiti.

Neno hilo nililisikia shuleni. Mwalimu aliandika ubaoni: densiti ni tungamo gawanya kwa ujazo. Nilikariri, nikapata alama, na sikujua nimejibu nini. Leo Nestory alichukua kopo la chuma lenye sentimeta za ujazo elfu moja, akalijaza kifusi bila kukigandamiza. Gramu 1,340. Akamwaga, akajaza tena kidogo kidogo huku akitwanga kwa nyundo. Gramu 2,150. Kopo lilelile, kifusi kilekile.

"Nini kimeongezeka?" akauliza.

"Udongo."

"Nini kimetoka?"

Nikafikiri. "Hewa."

"Basi umeelewa. Kuna watu wana vyeti na hawajui hilo."

Tukishatoa uzito wa maji, kifusi hiki kikitwangwa mpaka mwisho wake ni gramu 1.98 kwa kila sentimeta moja ya ujazo. Barabarani tunadaiwa asilimia tisini na tano ya hapo, yaani 1.88. Tabaka lisipofika limefeli. Linavunjwa, linarudiwa.

19 Septemba

Fomu za injinia zinataka kilo kwa mita ya ujazo, siyo gramu kwa sentimeta ya ujazo. Nestory aliniambia nibadilishe mwenyewe. Mita moja ina sentimeta mia, nikazidisha kwa mia, nikaandika 188. Hakunicheka. Alikata fito kumi na mbili, akazifunga kwa kamba, likasimama sanduku tupu la mita moja kila upande. "Sentimeta mia kwenda huku," akasema, "mia kwenda huku, na mia kwenda juu. Visanduku vidogo vingapi vinaingia?" Nikahesabu kwa kijiti chini: milioni moja. Kila kimoja gramu 1.88. Gawanya kwa elfu upate kilo. Kilo 1,880 kwenye kile kisanduku cha fito. Nilikaa nikakiangalia. Karibu tani mbili za udongo wa kawaida ambao kila siku nimekuwa nikiukanyaga bila kuuwazia.

Masolwa, opareta wa rola, alikuwa amekaa kivulini mwa mashine yake anatutazama.

"Fundi, hicho kibanda unamjengea Mgogo?"

"Ndiyo," Nestory akasema.

"Kinamtosha. Akae humo anyooshe mkono, wapita njia wamtupie chochote."

"Ni cha kukupimia wewe," nikamjibu. "Babu zako walibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani, wakifika Ugogo wanalipa hongo ndipo wanywe maji. Nataka kujua Mnyamwezi mmoja anabeba mizigo kilo ngapi."

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya nyama kwenye sahani, kukuzushia uongo mbele za watu, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa. Siku yangu ya kwanza hapa sikuwa na blanketi. Masolwa alinitupia la kwake akisema anaogopa maiti ya Mgogo itachafua kambi. Sijawahi kupewa kitu kwa matusi matamu namna ile.

25 Septemba

Jua. Vipimo sita, vyote vimepita.

2 Oktoba

Masolwa ni mtu wa hapahapa Kwihara. Amezunguka na rola miaka kumi na tisa kwenye barabara za watu, Singida, Katavi, hadi mpaka wa Burundi, na hii ndiyo ya kwanza kupita mlangoni kwake. Mke wake, Mektilda, ndiye anayetupikia kambini. Mimi namwita shemeji.

Ana tabia moja. Kila anapoanza kipande anatia kokoto nane mfuko wa kulia. Rola likienda na kurudi anahamisha kokoto moja mfuko wa kushoto. Zikihamia zote, amepita mara nane kama injinia anavyotaka. Nilimwuliza kwa nini asihesabu kichwani.

"Kichwani kuna mawazo. Mfukoni kuna kokoto tu."

Leo kipimo kimetoka asilimia tisini na nane. Akapita kambini kifua mbele. Nikasema mbele ya wote kwamba ni mimi niliyebonyeza mizani kwa kidole, maana Mnyamwezi hawezi kufika tisini na nane bila kusaidiwa. Watu wakaanguka kwa kicheko. Akasema, "Kesho bonyeza kwa mikono yote miwili, nipate mia." Tangu hapo ndio mchezo wetu: tabaka likipita nimebonyeza, likikaribia kufeli nimeinua.

9 Oktoba

Leo nimefanya kosa. Naandika jinsi lilivyokuwa.

Kupima barabarani hatutumii kopo. Tunaweka sinia la chuma lenye tundu la duara katikati, na kupitia tundu hilo nachimba shimo kwa tindo, kina cha sentimeta kumi na tano. Udongo wote uliotoka napima uzito. Shida ni ujazo. Utajuaje ujazo wa shimo lenye kuta za kukwaruzika? Hapo ndipo mchanga unapoingia. Kampuni huagiza kutoka Dar mchanga mkavu, chembe zake saizi moja, unaojulikana kwamba kila sentimeta yake ya ujazo ina gramu 1.42. Unaumimina kwenye shimo mpaka lijae, unapima umetumia gramu ngapi, unagawanya kwa 1.42, unapata ujazo. Tukimaliza tunauzoa, tunauchekecha, tunauanika, tunautumia tena. Tuna gunia moja tu. Nestory aliniambia siku ya kwanza, "Mchanga huu ukiharibika, sisi ni vipofu."

Asubuhi niliambiwa nisubiri pikapu inipeleke na gunia hadi kilometa ya sita. Nikaona nitachelewa, nikapanda bodaboda. Gunia lilikuwa nyuma yangu na chuma cha keria kililitoboa. Niliposhuka niligeuka nikaona mstari mweupe barabarani, mwembamba, umenyooka mpaka kwenye kona. Nusu ya gunia ilikuwa imebaki njiani.

Ningeweza kusema. Nestory alikuwa bado mjini. Niliwaza mawe. Niliwaza mgongo. Niliwaza kwamba wakinifukuza leo nitarudi Mpwapwa mikono mitupu. Nikaenda kwenye mto mkavu nyuma ya kambi, nikachota mchanga, nikamwomba shemeji Mektilda chekecheo lake la unga.

"Unachekecha nini?" akauliza.

"Mchanga wa fundi umeingia takataka."

"Ulioshe chekecheo, Mgogo. Nisije nikawalisha kokoto."

Nikachekecha, nikakausha juu ya bati, nikachanganya, nikajaza gunia. Kwa macho ulikuwa mchanga uleule. Nestory aliporudi aliuliza, "Mchanga salama?" Nikasema salama.

10 Oktoba

Tabaka la Masolwa limefeli. Asilimia tisini na mbili.

11 Oktoba

Tisini na mbili tena, sehemu nyingine. Masolwa akaniambia, "Leo umeinua sana, mtani. Punguza." Nikacheka. Sijui kilichonichekesha.

14 Oktoba

Wameongeza maji. Tisini na moja.

15 Oktoba

Wamepunguza maji, rola limepita mara kumi na mbili. Tisini na mbili.

Usiku ule ule tabaka la kwanza lilipofeli nilishajua sababu, ila nilijifanya sijui. Mchanga wa mto una chembe kubwa na ndogo, na ndogo zinajipanga kwenye nafasi za kubwa. Kwa hiyo ni mzito kuliko wa Dar. Shimo linameza gramu nyingi zaidi, sisi tunagawanya kwa 1.42 ileile, na shimo linaonekana kubwa kuliko lilivyo. Shimo likionekana kubwa, udongo uliotoka unaonekana mwepesi. Barabara ni nzima. Kipimo ndicho kigonjwa. Haya yote niliyaelewa vizuri kabisa, mimi wa kidato cha pili. Ningekuwa mjinga ingekuwa afadhali.

18 Oktoba

Injinia mkaguzi amekuja. Ni mzee Lugembe wa Nzega, mtu mpole, anaitikia shikamoo ya kila kibarua. Alisoma fomu zetu, akamwita Masolwa.

"Unapita mara ngapi?"

"Nane, mzee. Juzi kumi na mbili."

"Mtetemo umewasha?"

"Nimewasha, mzee."

"Namba zinasema hupiti."

Masolwa alitoa kokoto mfukoni akamwonyesha. Mzee Lugembe alizitazama kwa upole, kama mtu anavyotazama dawa za kienyeji. Ameamuru mita mia tatu zivunjwe.

21 Oktoba

Greda limevunja. Vumbi.

24 Oktoba

Leo nimesema. Lakini afadhali ningenyamaza.

Tulikuwa tunakula mchana, watu kama kumi, ugali, nyama kidogo na nsansa, mboga ya majani yaliyokaushwa. Tabaka jipya lilikuwa limefeli saa mbili kabla. Masolwa hakuwa anakula. Alikuwa anaviringisha tonge mkononi, analirudisha. Nikashindwa kuvumilia.

"Masolwa," nikasema, "ni mimi. Nilimwaga mchanga wa kupimia. Nimejaza wa mto. Wewe huna kosa, kipimo ndicho kibovu."

Kisha mmoja akaanza kucheka, wakafuata wote.

"Hata mchanga Mgogo kaomba mtoni," mwingine akasema.

Masolwa naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Umebadilisha leo," akasema. "Nimechoka na kidole cha mizani. Hii ya mchanga ni nzuri, imeenda shule." Akachukua kipande cha nyama sahanini kwangu, akala, akaanza kula ugali wake.

Nilipaswa kusema hapana, sitanii. Nilifungua mdomo. Nikaona anavyokula, nikaona wote wanavyonitazama wakisubiri nyongeza, nikasema, "Na kesho nitatia chumvi." Wakacheka zaidi.

Nestory hakuwepo. Nilijua kwamba hayupo.

28 Oktoba

Mawingu upande wa mashariki. Hayakunyesha. Tisini na mbili.

31 Oktoba

Masolwa amefukuzwa.

Walimfukuza palepale barabarani, kwenye kilometa ya saba, ambapo njia ya nyumbani kwake inaingia. Wanawake wa Kwihara walikuwa wamesimama na ndoo wakisubiri magari yapite. Mzee Lugembe aliongea polepole. Alisema hamchukii mtu, lakini barabara itapitisha malori ya tumbaku miaka ishirini, na opareta anayeruka mizunguko anaua watu asiowajua. Masolwa alisema, "Mzee, nimepita." Akasema tena, "Nimepita." Akatoa kokoto mifukoni, akazimwaga chini, akashika njia ya kwake. Mwanamke mmoja akamwuliza mwenzake kwa Kinyamwezi amefanya nini. Neno nililolielewa katika jibu ni "mvivu".

Nilikuwa nimesimama na tindo mkononi, hatua sita kutoka kwa Lugembe.

1 Novemba

Pikapu imeleta gunia jipya la mchanga kutoka Dar. Siku moja. Lingekuja siku moja mapema tu. Nestory amesema la zamani liwekwe pembeni.

Mektilda hakuja kupika. Kambi imekula mikate.

4 Novemba

Opareta mpya ameanza. Kipimo chake cha kwanza, kwa mchanga mpya: asilimia tisini na saba. Kambi nzima inasema, unaona sasa, mashine ni ileile, kilichobadilika ni mtu. Hata wale waliokula na Masolwa miezi mitano. Mmoja ameniambia, "Mtani wako alikuwa analala juu ya rola." Nikamwambia anyamaze. Akadhani ni utani.

6 Novemba

Nestory amekwenda mjini. Nilibeba vifaa peke yangu mpaka kipande cha mwisho cha Masolwa, ambacho kitavunjwa kesho. Niandike namba zote, kwa sababu namba ndizo zilizomfukuza.

Udongo uliotoka shimoni: gramu 4,186. Nilipoukausha kwenye kikaango maji yalikuwa asilimia tisa, basi udongo mkavu ni gramu 3,840. Nikamimina mchanga mpya. Shimo lilimeza gramu 2,840. Gawanya kwa 1.42, ujazo ni sentimeta za ujazo 2,000. Gawanya 3,840 kwa 2,000. Densiti 1.92. Asilimia tisini na saba, sawasawa na ya opareta mpya.

Nikautoa mchanga wote kwa kijiko na brashi. Nikamimina wa gunia la zamani, ule wangu, kwenye shimo lilelile. Gramu 3,000. Kwa hesabu yetu shimo limekuwa sentimeta za ujazo 2,113. Densiti 1.82. Asilimia tisini na mbili.

Shimo moja, udongo mmoja. Nimelikalia pembeni muda mrefu. Kumbe mtu anaweza kuibiwa miaka kumi na tisa na kitu kidogo hivyo: gramu 160 za mchanga.

Nikaandika kwenye karatasi safi, nikaenda nyumbani kwa Masolwa. Alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Nilimwamkia kwa utani wetu, nikauliza kama mpagazi amepata mzigo wa kubeba. Hakuinua kichwa.

"Zablon," akasema.

Sikuwahi kumsikia akitaja jina langu. Kwake nilikuwa Mgogo, au mtani, au maiti. Nikampa karatasi. Aliisoma yote, anajua namba kuliko mimi.

"Ulimwaga kweli."

"Kweli. Nilikuambia siku ile, mkacheka."

"Uliniambia mbele ya watu kumi, umeshika tonge la ugali wa mke wangu, ukijua nitacheka. Ungetaka nikuamini ungeniita pembeni." Akakunja karatasi. "Ulijificha kwenye utani. Utani siyo wako peke yako, Zablon. Nusu ni wangu. Ukaniibia na hiyo."

Mektilda alikuwa mlangoni. Akauliza, "Lile chekecheo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaingia ndani, akalileta, akaliweka miguuni pangu. Sikujua nilifanyie nini.

"Karatasi mpelekee aliyenifukuza," Masolwa akasema. "Mimi nilishajua kwamba nilipita."

7 Novemba

Nilimfuata Nestory kabla hajanywa chai. Alisoma, akakaa juu ya gunia. Nilidhani atanipiga. Hakunipiga. Alisema kwamba amesaini fomu ishirini na tatu kwa mchanga ambao hakuupima upya hata mara moja, na kanuni inasema kila gunia lipimwe kila wiki. Alisema ana cheti kimoja tu duniani. Alisema nisubiri atafute namna.

Tukiwa tunaongea tulisikia greda. Lilikuwa linavunja tabaka la Masolwa, lile la asilimia tisini na saba.

Nestory ndiye aliyenitoa kwenye mawe, akanikatia fito kumi na mbili nielewe. Leo nimemwona anaogopa kama mimi, na nimemchukia kwa hilo. Ni kama kujitazama kwenye kioo cha mtu mwingine.

9 Novemba

Nestory bado anatafuta namna.

12 Novemba

Mvua. Imepiga kutoka saa nane mpaka jioni. Mita zilizovunjwa tarehe saba zimekuwa uji. Kama zingeachwa alivyozishindilia Masolwa, maji yangepita juu yake yakaenda mtaroni.

13 Novemba

Sikumsubiri Nestory. Mzee Lugembe alikuja kuangalia matope, nikamwambia mbele ya wote, na nikaanza hivi: "Mimi ni Mgogo, lakini sasa sitanii." Hakuna aliyecheka. Nilimpa karatasi. Akavua koti, akaingia maabara, akajaza kopo mchanga wa zamani kwa mkono wake, akapima, akapiga hesabu. 1.50. Akarudia mara tatu.

"Ulijua tangu lini?" akauliza.

"Tangu tarehe tisa mwezi wa kumi, mzee."

"Na siku ile namfukuza ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Karibu yako."

Akavaa koti polepole. Nimefukuzwa saa nne asubuhi. Nestory amepewa barua. Masolwa ameandikiwa kwamba arudi kazini mvua zikiisha, mwezi wa tano, ikiwa kampuni itakuwa bado hapa. Mashine zinaondolewa wiki hii.

14 Novemba

Nimeipeleka barua ya Masolwa mwenyewe. Amekwishaondoka, tangu juzi, kutafuta kibarua kwenye machimbo ya dhahabu ng'ambo ya Kahama. Opareta wa miaka kumi na tisa, anakwenda kuchimba mashimo. Mektilda alisoma barua, akaitia chini ya godoro.

"Mwezi wa tano," akasema. "Na sasa tunakula nini, karatasi?"

Nyuma yake shamba lilikuwa halijaguswa. Mvua imenyesha, majirani wote wameinama wanapiga matuta, la kwake tu lina majani ya mwaka jana. Masolwa alikuwa akilima mwenyewe kila mwaka, mvua zinaposimamisha kazi za barabara. Nikamwambia nitalima.

"Sitaki msaada wako."

"Siyo msaada."

Kisha akaleta jembe, lile lenye mpini mpya, akalilaza chini. Hakunipa mkononi.

20 Novemba

Nalala kwenye banda la mlinzi, kambini hakuna mtu mwingine. Matuta thelathini na moja.

26 Novemba

Yustina amepiga simu. Kwetu kumenyesha mapema, watu wanapanda. Aliuliza niko wapi. Nikamwambia ukweli wote. Akasema atapanda na dada yake, sehemu watakayoweza, na tukikosa msimu wa tatu nisimlaumu Mungu.

3 Desemba

Homa. Sikulima. Mektilda ameweka sufuria ya uji mlangoni mwa banda akaondoka bila kubisha.

11 Desemba

Watu wa Kwihara wamesikia habari. Wananipita njiani, hawanitanii. Kijiji kizima cha watani na hakuna hata mmoja anayenitukana. Nilidhani kutukanwa ndiko kulikonichosha.

15 Desemba

Leo Mektilda alikuja shambani kwa mara ya kwanza, na mbegu za muhogo. Alitembea mstari hadi mstari, akasimama, akachoma tuta kwa kidole. Kidole hakikuingia. Nilikuwa nimeyapigapiga matuta yote kwa mgongo wa jembe, kila moja, mpaka yameshikamana vizuri. Sikujua kwamba nafanya hivyo.

"Huu ni muhogo," akasema. "Mzizi utapita wapi? Legeza."

"Yote?"

"Yote, shemeji."

Sijui kama neno hilo lilimponyoka au alilitoa makusudi, na sikuthubutu kuuliza. Nikarudi kwenye tuta la kwanza. Ni matuta mia mbili na sita.

Masolwa amesema kwa simu kwamba atakuja tarehe 24 kwa Krismasi, na asinikute. Kwa siku nitayalegeza ishirini na sita, nikiamka mapema. Nitamaliza tarehe 22. Tarehe 23 napanda treni, na nategemea kushuka Gulwe, stesheni ya kwetu Mpwapwa, asubuhi ya tarehe 24, nitembee kwenda nyumbani kama hakuna gari.